Jana Ulikula Nini?

Dar es Salaam,
12 Oktoba 1974

Dada yangu mpendwa Kristiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, dada. Mimi ni mzima, ila joto la huku halimfai mtu aliyezaliwa Ufipa. Nafika ofisini shati limelowa kabla sijafanya kazi yoyote, na wenzangu wananicheka. Natumaini wewe, Hilaria, Ignasi na yule mdogo wao Kalista hamjambo, na kwamba shemeji Leonsi anawaletea habari zake kutoka kwenye ujenzi wa reli kule Tunduma.

Nilikutana Kariakoo na mtu wa Mpui. Akaniambia mwezi wa nane mlihamishiwa kijiji kipya. Mbona hukuniandikia? Nyumba mmeshajenga? Mlihama na chakula, au kilibaki kule?

Sasa nikwambie kazi yangu, maana najua majirani wanakuuliza na wewe unawajibu tu kwamba mdogo wako ni mkubwa Serikalini. Si mkubwa. Bado niko kwenye miezi ya majaribio katika ofisi ya lishe, na kazi yangu ni fomu. Usicheke. Watoto wachanga wanapimwa kliniki, lakini hawa wa miaka kumi na mbili hadi kumi na sita hakuna anayewauliza lolote, na ndio wanaorefuka kila siku. Basi tumetengeneza fomu ya maswali ishirini na mawili, na mwanafunzi anaijaza mwenyewe darasani. Swali la kwanza ndilo kubwa: Jana ulikula nini? Asubuhi, mchana, jioni. Pana orodha ya vyakula, na pana picha ya bakuli ili atie alama amekula robo, nusu au bakuli zima. Ilitoka nje kwa Kiingereza, mimi ndiye niliyeitafsiri. Tuliijaribu katika shule mbili za hapa mjini na watoto wakaimaliza kabla ya kengele.

Shule zitakazoonekana zina upungufu zitaletewa unga wa uji na maharage kuanzia mwezi wa tatu. Nilimwomba mkuu wangu, Bwana Mbonile, mtu wa Mbeya, aiweke na shule ya kijiji chenu, naye akakubali. Kwa hiyo watoto wakiulizwa waseme kama ilivyo.

Kwenye kifurushi pana kalamu ya wino wa kijani. Ni ya mwandishi wako Hilaria. Najua wewe unasema na yeye anaandika, na najua pia kwamba ukigeuka kidogo anaandika ya kwake.

Mdogo wako,
Eustaki


Kijiji kipya, Mpui,
24 Novemba 1974

Mdogo wangu Eustaki,

Milele amina. Marahaba. Barua yako imefika salama na kifurushi chake. Sisi hatujambo. Ignasi aling'oka jino, Kalista anakohoa kidogo, baba yao hajaandika tangu Agosti lakini aliye hai hana haraka. Bibi Rozina wa kwa mjomba alifariki, tulimzika vizuri, na watu wa kwaya walikuja hata kutoka Pito.

Ni kweli tulihama. Lori lilikuja Jumanne. Nilipakia vyungu, kuku watatu na mlango. Mlango ule ni wa marehemu baba, nisingeuacha hata kwa mtutu wa bunduki. Kuku walikufa wote kwa kideri wiki ya pili. Matuta yetu yamebaki kule, zile ntumba tulizofukia majani mwezi wa tatu ili yaoze, tuje kuyatawanya na kupanda ulezi. Mbolea ya jasho langu iko kule, na mimi niko huku na udongo ambao hatujajuana. Mwenyekiti anasema mwakani patakuwa sawa.

Lakini usihangaike. Tunakula, tumeshiba.

Kisomo nimeanza. Tunasoma jioni chini ya mwalimu Flavian, akina mama kumi na mmoja. Nimefikia kuandika jina langu. Kalamu ni nzito kuliko jembe, nani angeamini.

Dada yako,
Kristiana

Mjomba, sasa ni mimi Hilaria. Shikamoo. Mama amekwenda kisimani, na hata akirudi hataweza kuyasoma haya. Ahsante kwa kalamu. Suma, ninayekaa naye dawati moja, anaiomba kila siku nami namwambia wino wa kijani ni wa wakaguzi tu.

Watu wa fomu walikuja na Landrova. Siku moja kabla, Mwalimu Flavian alituambia kwamba wageni wanakuja na tusiiaibishe shule. Ule mtihani wako ulikuwa rahisi, mjomba, maana chati ya makundi matatu ya vyakula iko ukutani, mbele yetu kabisa. Asubuhi niliandika yai na maziwa, mchana ugali, maharage na machungwa, jioni ugali na samaki. Wengi walisahau matunda. Mimi sikusahau, ingawa chungwa nimeliona mara moja tu, huko mjini Majengo, tulipokwenda kwenye Kipaimara. Kwenye picha ya bakuli nilitia alama zima, maana nyumbani bakuli letu ni moja, tunakula wanne, na huwa linaisha lote. Nadhani nimepata zote.

Mpwa wako,
Hilaria wa darasa la sita


Dar es Salaam,
11 Januari 1975

Dada yangu Kristiana,

Shikamoo. Heri ya Krismasi iliyopita na ya mwaka mpya. Poleni kwa msiba wa Bibi Rozina. Nilimkumbuka kwenye misa, namna alivyokuwa akitufukuza na mwiko. Mimi nimekula sikukuu kwa jirani yangu Lutengano. Nimepungua kidogo lakini ni joto tu.

Fomu zimefika, magunia matatu, nasi tumezihesabu mwezi mzima. Dada, shule yenu imekuwa ya kwanza. Imezipita hata shule za hapa mjini. Bwana Mbonile aliinua karatasi akasema, "Tazameni, vijiji vipya vimeanza kuzaa matunda." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Fomu hazina majina, zina namba tu. Lakini moja ilikuwa ya wino wa kijani. Iliandikwa yai asubuhi. Nikajiuliza, je, siku hizi wasichana wa nyumba yetu wanakula mayai? Mama yetu alikuwa akimchapa msichana kwa kulishika tu. Halafu nikakumbuka habari ya kuku wenu.

Nisikuzungushe. Kwa hesabu ilivyo, uji hautakuja kwenu, utakwenda kwa waliosema hawana. Orodha haijafungwa, itafungwa tarehe ishirini na nane Februari. Nilimdokezea Bwana Mbonile kwamba huenda watoto wa kule wamekosea kidogo. Akasema, "Fomu mia na arobaini zinasema wanakula, wewe unasema hawali. Niletee basi neno la mzazi mmoja." Naomba neno lako, dada. Mstari mmoja unatosha, kwamba nyumbani kwako hakuna chakula cha kutosha. Nitaupeleka mwenyewe.

Ukiona hakuna haja, basi. Lakini jibu upesi, mvua hizi zinachelewesha posta.

Mdogo wako,
Eustaki


Kijiji kipya, Mpui,
9 Februari 1975

Mdogo wangu Eustaki,

Marahaba. Barua yako imefika juzi, ililala siku nyingi kwenye basi lililokwama matopeni. Sisi wazima. Mvua ni nyingi, mahindi yamefika magotini. Kikohozi cha Kalista kimepoa. Baba yao alituma salamu kwa watu, salamu tu.

Nimeifikiria barua yako nikiwa shambani na hasira haijanitoka, kwa hiyo namwambia Hilaria aandike kama ninavyosema na asipunguze. Unataka mimi, binti Marselino, niandikwe kwenye faili la Serikali kwamba nimeshindwa kulisha watoto wangu? Karatasi ile isomwe na huyo Bwana Mbonile, na karani wake, na dereva? Kesho mtu wa Mpui akifika hapo ofisini kwenu asikie habari za chungu changu? Mama alitufundisha sote wawili, nawe ulikuwa umekaa karibu yake kuliko mimi: mgeni akikuuliza kama umekula, mwambie nimeshiba, hata kama mate yamekauka. Ndivyo nilivyowafundisha na hawa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Usinifanye niutoe mtungi nje.

Mwezi wa tano tutavuna. Watu walikuwa wakingoja mavuno kabla fomu zako hazijazaliwa.

Neno la kukupa sina. Sisi tumeshiba.

Kristiana

Mjomba, mama ameniambia niishie hapo. Samahani kwa uchafu wa mstari niliofuta hapa chini.

Hilaria


Dar es Salaam,
22 Machi 1975

Dada yangu, na wewe Hilaria mwandishi wetu,

Shikamoo, dada. Sina salamu nyingi leo. Ni mzima. Nimethibitishwa kazini tangu tarehe moja.

Barua yenu ilinifika tarehe ishirini na saba Februari. Orodha ilikuwa inafungwa kesho yake. Siku moja ilitosha, dada. Ofisi ya Bwana Mbonile iko hatua kumi kutoka kwenye meza yangu. Ningeweza kumpelekea barua ya Hilaria ya Novemba, ile aliyosema mwenyewe kwamba alijibu kwa kutazama chati, na kwamba bakuli alilotia alama wanalila wanne. Nilikuwa nayo kwenye mtoto wa meza wakati tukihesabu. Nilikuwa nayo hata siku niliyopiga makofi. Nilikuomba wewe useme ili nisiseme mimi. Nikisema, fomu niliyoitafsiri inaonekana haifai, na kazi ya mwaka mzima inatupwa, nami nilikuwa bado nathibitishwa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nilikasirika na barua yako, nikajiambia, basi, amekataa mwenyewe.

Hilaria, ule mstari uliofuta niliuweka kwenye kioo cha dirisha, jua likapita, nikausoma. Uliandika, "Mjomba, uji utakuja kweli?" Nimeubeba mwezi mzima.

Tangu hapo nimepitia tena fomu za shule yenu, moja moja. Kati ya watoto mia na arobaini, makumi wamekula machungwa mwezi wa kumi na moja huko Ufipa. Mtu yeyote wa kwetu angejua. Tena nimeona kosa langu jingine. Kwenye orodha niliyotafsiri hakuna vitu vya porini. Hakuna uyoga, hakuna matunda ya mwituni, hakuna mizizi. Wa mjini hawavili, nami nilikwisha sahau kwamba nilivila.

Nimetia humu fomu tupu. Nimeiongezea kwa mkono mstari mmoja chini, nimeandika "Vingine". Hilaria, ijaze upya, si kama mtihani. Hakuna wa kukusahihisha. Nakuomba, dada, umwache. Nitaipeleka kwa Bwana Mbonile mimi mwenyewe pamoja na ile barua ya Hilaria ya Novemba, na anifukuze akitaka. Pia namtumia mwalimu Flavian kifurushi cha unga wa maziwa kwa ajili yenu. Najua utakasirika. Kasirika, lakini uwape watoto.

Eustaki


Kijiji kipya, Mpui,
27 Aprili 1975

Eustaki mdogo wangu,

Marahaba.

Naandika mwenyewe. Herufi ni mbaya. Nimeandika kwa siku nne. Mwalimu Flavian alitaka kuniandikia, nimekataa. Amenisomea barua yako mara mbili, nikamwambia inatosha.

Hilaria amefariki. Ilikuwa Jumatano tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Ulipokuwa unamwandikia alikuwa na siku kumi kaburini.

Mwalimu alitaka akupigie simu ya maandishi. Nilimkataza. Simu ingesema malaria, maana cheti cha zahanati kinasema malaria. Sikutaka usome hivyo.

Nitakwambia yote polepole. Unga ulikuwa unatosha kikombe kimoja kwa siku. Tangu mwezi wa kwanza Hilaria akikaa kula anatia mkono mara mbili, kisha anasema, nimeshiba mama. Bakuli linabaki kwa wadogo. Mimi nilimsifu mbele yao. Nilisema, mtazameni dada yenu alivyo na adabu.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia, akitoka shule na Kalista, aliona uyoga kwenye kichaka cha nyuma ya shamba la ujamaa. Kule kwetu uyoga tunaujua wote, hata mtoto wa miaka mitano anajua upi wa kula. Huku unafanana na wa kwetu. Si ule. Aliuchoma kwa majani makavu akaula. Kalista aliomba, akamnyima, akamwambia wewe utakula nyumbani. Ndiyo sababu ninaye Kalista.

Ijumaa alfajiri akaanza kutapika na kuhara. Nilimbeba mpaka zahanati. Mganga ni mtu mzuri, alimlaza, akamshika paji la uso. Akamuuliza, "Jana ulikula nini?" Swali lako, Eustaki. Neno kwa neno.

Hilaria akanitazama mimi kwanza. Kisha akasema, "Ugali na maharage."

Mganga akanigeukia. "Ndivyo, mama?"

Nikasema, "Ndivyo. Tulikula tukashiba."

Habari ya uyoga sikuijua. Lakini nilijua kwamba maharage hayakuwamo nyumbani mwangu tangu Januari. Nilikuwa nimemshika mkono wakati nasema. Mganga akampa dawa ya malaria.

Jumamosi akapata nafuu. Alikaa, akacheka na Ignasi, akauliza kama barua yako imekuja. Nilimshukuru Mungu. Jumapili macho yakawa ya njano. Ndipo Kalista akalia, akasema. Tulimpeleka mjini kwa trekta la ushirika, siku nzima kwa tope. Daktari alisema uyoga ule unaua polepole, na nafuu ile ni ya uongo. Nilimuuliza, tungesema Ijumaa angepona? Akasema hajui, lakini wangejaribu. Sitajua. Nitakufa sijui.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilikuwa naisema methali hii kwa watu wengine.

Nimeisikia barua yako. Ulijua, na hukusema. Na mimi nilijua, na sikusema. Leo siwezi kukusamehe, maana hata mimi mwenyewe sijajisamehe, na siwezi kukupa kitu ambacho sina. Lakini njoo. Mlango wa baba bado upo. Nyumba hii imenyamaza na mimi sina wa kusema naye.

Unga wa maziwa umefika. Nimewapa watoto. Siku hizi mtu akiwauliza Ignasi na Kalista kama wamekula, wanasema kweli, hata mbele ya padri. Watu wanaona nimewaharibu. Nawaacha waone.

Fomu yako nimeijaza. Kalamu ya kijani ilikuwa na wino kidogo, umetosha. Nimeandika jina juu yake ingawa hamtaki majina.

Jina: Hilaria
Umri: miaka 14
Jana ulikula nini?
Asubuhi: hakuna
Mchana: hakuna
Jioni: nilimwekea. Akasema ameshiba
Picha ya bakuli: sijaitia alama
Vingine: uyoga

Mpelekee Bwana Mbonile. Asome na karani wake, na dereva. Mwambie ni neno la mzazi mmoja, kama alivyotaka. Nimejibu kama ilivyo.

Dada yako,
Kristiana